Sahihi Kumi na Moja kutoka Pinder

Philadelphia, 9 Septemba 1997

Mjomba wangu Ardell,

Natumaini barua hii inakukuta barazani, goti limetulia na mdomo haujatulia. Mimi mzima. Mama anakusalimu. Ametolewa mtoto wa jicho wiki mbili zilizopita, na sasa anaona kwangu vumbi ambalo mimi mwenyewe sijawahi kuliona. Anasema usitume tena pichi kwa posta. Sanduku lilifika linatiririka.

Sasa shida yangu. Unakumbuka kiangazi tulivyokuja wanne, mimi na wanafunzi wenzangu, tukawarekodi wazee kumi na moja wa kanisa la Mlima Nebo wakieleza jinsi mashamba ya watu weusi wa kaunti ya Harlow yalivyotoka mikononi mwao. Chuo kimekubali. Tarehe 19 Juni mwakani, siku ya kusherehekea kuisha kwa utumwa, tutafungua maonyesho hukohuko Pinder kwenye ukumbi wa kanisa. Picha zitakuwa ukutani, sauti za wazee kwenye spika, na vyote vitabaki mali ya kanisa. Hiyo ndiyo kazi yangu ya uzamivu. Sitaki iishie kwenye kabati la chuo ambalo hakuna mtu wa Pinder atakayelifungua.

Ila kuna fomu. Kila mzee aweke sahihi, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba amekubali sauti yake itumike. Tulipaswa kuzijaza kabla ya kurekodi, lakini kila tulipozitoa watu walikumbuka wana chungu motoni, nasi tukaahirisha. Kosa ni letu. Bila sahihi, hakuna sauti hata moja itakayosikika. Nimekutumia fomu kumi na mbili: kumi na moja za wazee, na moja yako. Ulituongoza nyumba hadi nyumba, ukakaa kila chumba ukila vya watu, lakini wewe mwenyewe hatukukurekodi. Usijifiche.

La pili. Kila familia itakuwa na ubao wake ukutani. Wa kwetu nimeanza kuuandika. Babu alikufa bila wosia, kwa hiyo shamba likawa la watoto wote kwa pamoja. Mahakamani nilitoa fotokopi ya hati ya mwaka 1951: mjomba Hosea anamuuzia Crandall, mwenye kiwanda cha mbao, sehemu yake. Kwa kipande hicho kimoja Crandall akaenda kortini kudai mgawanyo, na korti ikaamuru shamba zima lipigwe mnada. Mama amesema maisha yake yote kwamba Hosea alituuza. Mwaka ule wewe ulikuwa nyumbani, kijana wa miaka kumi na tisa. Unakumbuka nini?

Mpwa wako,
Renetta

—

Pinder, Georgia, 2 Oktoba 1997

Kwa Profesa Renetta, mpwa wa mtu mashuhuri,

Barua yako imenikuta mzima kuliko daktari wangu anavyopenda, maana mzima halipi. Mwambie Lorraine pichi ziliondoka hapa zimesimama imara kama askari. Zimeonewa na posta. Jumamosi nilikaanga kambare nyuma ya kanisa, watu wakaja kutoka Macon kunusa tu. Waliobahatika kuonja wamehamia huku.

Fomu zako nimezipokea na nimezitembeza. Mimi nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Nilianza kwa Bi Verlene Tubbs, maana ana miaka tisini na moja na hafai kucheleweshwa.

“Ardell, karatasi gani hiyo?”

“Ya Renetta, Bi Verlene. Unaweka jina hapo tu.”

“Hata baba yangu aliambiwa hapo tu. Maliza chai yako uende.”

Na chai yenyewe ya baridi, barafu haikuwa imeyeyuka! Nikaenda kwa shemasi Purvis. Yeye aliisoma mara mbili, kila mara kwa miwani tofauti, halafu akaniuliza, “Wewe ulifika darasa la ngapi?”

“La sita.”

“Basi kamlete aliyefika la saba anieleze.”

Nikamwambia, Purvis, unaongea na mtu aliyeendesha lori majimbo arobaini na manane. Nimekaa meza moja na majaji, nimekaa meza moja na wezi. Akasema, “Na siku nyingine alikuwa mtu mmoja.” Nilicheka mpaka nikasahau kumpa kalamu.

Wengine tisa ni hivyohivyo. Hadithi zao wanakupa bure, tena wanakuongezea mkate wa mahindi. Ila karatasi ikitoka mfukoni, wanaitazama kama nyoka ametoka mfukoni. Hakuna familia hapa ambayo haikupoteza kitu kwa kuweka jina mahali. Wewe umeandika kurasa mia tatu kuhusu hilo, halafu unawaletea karatasi. Hii ndiyo shule?

Lakini usilale na njaa kwa wasiwasi. Mimi ni Ardell Swopes. Nimewahi kumuuzia mtu wa Minnesota jokofu mwezi wa kwanza, theluji imefika dirishani.

Kuhusu 1951, mvua ilinyesha sana. Hosea amelala Toledo, mwache alale. Kwenye ubao weka mambo ya mama yangu na mizinga yake ya nyuki, watu watafurahi.

Mjomba wako,
Ardell Swopes

—

Philadelphia, 20 Oktoba 1997

Mjomba,

Nimesoma barua yako kwa sauti mbele ya wenzangu. Jocelyn, yule mrefu uliyemwita mlingoti, amecheka mpaka machozi. Mama hajambo. Anasema mtu wa Minnesota alikurudishia jokofu.

Ulivyosema kuhusu karatasi ni kweli, na imetuuma. Nimeandikia kamati ya chuo inayosimamia maadili ya utafiti, kuomba njia nyingine. Hawajajibu. Mpaka wajibu, sheria ni ileile: fomu zifike kabla ya tarehe 15 Novemba, la sivyo tunafunga. Asiyetaka, mwache. Afadhali sauti mbili zilizokubali kuliko kumi na moja zilizosukumwa.

Kuhusu Hosea hukunijibu. Umenijibu mvua.

Renetta

—

Pinder, 8 Novemba 1997

Profesa!

Fungua bahasha taratibu usije ukaanguka. Wametia sahihi WOTE. Kumi na moja kati ya kumi na moja. Nilikuambia unaongea na nani? Kuna watu wamesoma vyuo vikuu viwili na hawawezi kupata sahihi ya mke wao.

Usiniulize nimewashawishije, ni siri ya ufundi. Wewe bandika picha zako, washa spika, uwe daktari. Nimeshawaambia kinyozi na kanisa zima kwamba Juni nitavaa suti ya rangi ya krimu.

Hapa wote wazima. Goti linajua mvua kuliko redio. Bi Verlene anakohoa kidogo lakini ulimi wake haukohoi.

Hosea mwache, nimeshasema.

Ardell

—

Philadelphia, 26 Januari 1998

Mjomba,

Samahani kwa ukimya. Krismasi ilipita. Mama alipika mboga za majani na shingo ya bata mzinga, akasema hazifikii za kwenu, akala mara tatu.

Nitasema moja kwa moja. Bi Verlene hajui kuandika. Maisha yake yote ameweka alama ya msalaba, nimeiona kwenye daftari la kanisa la tangu 1930. Kwenye fomu yake kuna sahihi nzuri yenye mkia. Nilipoiona nilizitandaza zote kumi na moja mezani. Umebadilisha kalamu, tena umejitahidi, kuna ya bluu, ya nyeusi, hata ya kijani. Lakini mkono haukubadilika, mjomba. Unaandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zote zimelala upande mmoja, na wino umepakazwa na kiganja, kama barua zako zote ninazozihifadhi. Fomu yako mwenyewe ndiyo pekee iliyorudi tupu.

Nilikaa nazo majuma matatu. Ningeweza kunyamaza, kamati isingejua kamwe. Kisha nikawapelekea na kuwaambia ni za uongo. Kazi yangu imesimamishwa mpaka waamue. Wakiamua vibaya, hakuna maonyesho, na sijui kama kuna shahada.

Nimewapigia simu wazee wote kuwaomba radhi. Shemasi Purvis alisema, “Huyo ndiye Ardell.” Hakuwa anacheka.

Lipo jambo lingine. Siku nilipozitandaza fomu, nakala ya hati ya 1951 ilikuwa mezani palepale, na sahihi yake imelala upande uleule. Nilimwandikia binti wa Hosea, Claudine, kule Toledo, nikamwomba barua yoyote ya baba yake. Ameituma. Hosea aliandika kwa mkono wa kulia.

Sitasema zaidi. Nitangoja wewe useme.

Renetta

—

Pinder, 14 Februari 1998

Renetta,

Bi Verlene amefariki Jumanne. Tunamzika kesho. Nimeombwa kubeba jeneza na goti limekubali.

Kuhusu fomu, nilitaka kukusaidia. Watu walikuwa wameshasema kwa midomo yao, wewe ulikuwepo, hadithi walizitoa wenyewe. Jina ni nini juu ya hapo? Niliona mtoto wa dada yangu anazuiwa na karatasi na mimi nina kalamu. Kama ni kosa, basi ni kosa. Ungeniambia mimi kwanza kabla ya kuwaambia wakubwa wako.

Mengine sina la kusema. Msalimie Lorraine.

Ardell

—

Philadelphia, 3 Machi 1998

Mjomba,

Pole kwa Bi Verlene. Binti yake amenieleza ulivyosimama kaburini mpaka watu wote wakaondoka.

Kamati imeamua. Nimepewa onyo la maandishi na nimepoteza muhula mmoja. Kaseti zote kumi na moja haziwezi kutumika, zinarudishwa kwa wenyewe. Lakini wamekubali ombi langu la Oktoba: turekodi upya, na badala ya kuweka sahihi, mzee aseme kwa sauti yake mwanzoni mwa kaseti kwamba amekubali, mbele ya shahidi anayemwamini. Shemasi Purvis amesema atakuwa shahidi. Nane wamekubali kusema tena. Wawili wamesema mara moja inatosha, na nimewaelewa. Bi Verlene hawezi tena. Kaseti yake iko kwa binti yake, na ukutani mahali pake patakuwa na picha tu.

Maonyesho yapo, tarehe ileile. Tunafika tarehe 12 Mei.

Imebaki ubao wetu. Mchapaji anautaka siku ya kwanza ya Mei. Claudine ameniandikia kwamba atakuja Juni kusoma jina la baba yake ukutani, kwa sababu hajawahi kukanyaga Harlow na amekua akijua kwamba huku baba yake ni mwizi. Siwezi kuandika kwamba Hosea aliuza, maana najua si kweli. Na siwezi kuandika jina la mtu ambaye hajaniambia mwenyewe. Usiponijibu, pale penye jina nitaacha nafasi tupu, na Mama ataijaza Hosea kichwani kama alivyozoea.

Renetta

—

Pinder, 19 Aprili 1998

Mpwa wangu Renetta,

Nimeanza barua hii mara nne, na mara zote nilianza kwa utani. Hii nimeamua nianze na goti. Linauma. Basi salamu zimekwisha.

Crandall alinikuta dukani mwezi wa tatu mwaka 1951. Alinijua jina, nami nikavimba kichwa kwa hilo tu, mzungu mwenye kiwanda ananijua jina. Akaniambia anataka kukata misonobari upande wa bondeni, ule baba aliokuwa akisema utakuwa wa Hosea. Kibali tu, miti itaota tena. Nikasema Hosea yuko Toledo kwenye kiwanda cha vioo, mimi nitasaini. Akacheka. “Ardell, wewe sheria haikujui mpaka utimize ishirini na moja. Kaka yako ana ishirini na tatu. Jina lake ndilo linalofaa.”

Nikaandika Hosea Swopes. Kulikuwa na karani mezani, hakuinua macho. Sikuisoma. Darasa la sita nilifika kweli, lakini karatasi ile ilikuwa na maneno ya darasa lisilokuwepo Harlow, na mimi sikutaka Crandall ajue kwamba sijaelewa. Hapo ndipo palipokuwa na ujinga wenyewe. Jumatatu akanipa funguo za lori la magogo. Lori langu la kwanza. Majimbo arobaini na manane ninayokuambia kila siku yalianzia pale.

Sherifu alipokuja na karatasi ya mnada, mama akalisoma jina kwa sauti. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema kabla hajameza mate. Akaenda kwenye Biblia akalikata jina la Hosea kwa wembe. Kila siku iliyofuata ilikuwa ngumu kusema kuliko ya jana yake, na kila siku nilijiambia nitasema kesho.

Nimepita Toledo na lori zaidi ya mara mia. Kiwanda cha vioo unakiona ukiwa barabara kuu. Sikuwahi kupunguza mwendo. Hosea alipokufa, 1979, nilikuwa Nebraska na shehena ya nyama, nikajiambia nyama itaharibika.

Fomu zako, Renetta, nilizijaza jikoni nikipiga mluzi. Nilidhani nasaidia. Hata 1951 nilidhani hivyohivyo. Mpaka uliponiandikia Januari sikuwa nimeona kwamba ni kitendo kimoja nimekifanya mara mbili.

Andika jina langu kwenye ubao. Liandike lote, Ardell James Swopes, lisije likadhaniwa la binamu yetu wa Valdosta.

Mjomba wako

—

Philadelphia, 28 Aprili 1998

Mjomba,

Barua imefika. Nimeisoma peke yangu, kisha nikampa Mama, kwa sababu ungeniomba nisimpe nami ningekataa. Alikaa nayo chumbani mpaka chakula kikapoa. Leo ameng'oa kapeti ya ngazini na kuipiga msasa ngazi yote.

Mchapaji ana jina lako lote. Tarehe 12 Mei nakuja na rekoda. Nataka uwe wa kwanza, na Purvis amekubali kukaa nawe.

Claudine hajui bado. Anwani yake iko nyuma ya ukurasa huu. Mimi sitamwandikia. Hilo ni lako.

Nakupenda, na nimekasirika. Vyote viwili vipo.

Renetta

—

Pinder, 24 Juni 1998

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini wewe na wenzako mmefika salama na yule mlingoti hakugonga kichwa kwenye basi. Mama yako bado yuko kwangu. Siku ya ufunguzi ulimwona mwenyewe, alisimama mbele ya spika mpaka sauti yangu ikaisha, kisha akaingia jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Mpaka leo anaongea na mimi kwa kupitia redio: “Wengine wangezima hii kelele.” Nazima. Sijamwomba zaidi ya hapo.

Watu bado wanakuja ukumbini. Purvis ana funguo na amejipa cheo. Jana walikuja kumi na wanane wa kanisa la Perry, mmoja akaona hati ya shamba lao ukutani akakaa chini sakafuni. Kazi yako inafanya kazi, nataka ujue hilo.

Nakuandikia kwa ajili ya Claudine. Ulimwona Ijumaa amesimama nyuma na mkoba wake, akaondoka bila kumsalimu mtu. Nilimwandikia mwezi wa tano, kurasa sita, hakujibu. Nilidhani amesharudi Toledo. Jumapili baada ya ibada gari likasimama mbele ya nyumba yangu.

“Wewe ndiye Ardell?”

“Ndiye.”

“Nipeleke shambani.”

Tukaenda. Unajua palivyo, misonobari ya kampuni imepangwa mistari, na kibao cha kukataza watu. Tukasimama kwenye waya wa uzio. Nikamwonyesha nyumba ilipokuwa, kisima, mizinga ya mama. Nilikuwa naongea sana, unanijua. Nikamweleza hata jina la nyumbu wetu wa kulimia. Akaniacha mpaka nikachoka.

“Baba alijua,” akasema.

Nikamuuliza alijua nini.

“Kwamba ni wewe. Bibi alimtumia nakala ya ile hati pamoja na barua ya kumlaani. Aliitazama mara moja, akajua mkono wa nani. Mimi aliniambia nikiwa na miaka kumi.”

“Mbona hakusema?”

“Alisema ulikuwa mtoto, na utasema mwenyewe.” Alikuwa anaangalia miti, si mimi. “Kila Krismasi simu ikilia, alikuwa anainuka yeye. Hakumruhusu mtu mwingine kuipokea. Mama akimtania kwamba ana mwanamke, anacheka. Mpaka Krismasi ya mwisho, akiwa hawezi hata kusimama, tulikuwa tunamsogezea simu kitandani.”

Renetta, mimi nimejibizana na polisi wa Mississippi nikiwa nimesinzia, na sikuwahi kukosa neno. Nikashika waya tu.

Claudine akarudi kwenye gari, akaingia, akawasha. Nilidhani ataniacha, na ni maili tisa mpaka nyumbani. Sikumlaumu. Alikaa pale injini ikinguruma, kitambo kizuri, akiangalia mbele. Halafu akainama, akanyoosha mkono, akafungua mlango wa upande wangu.

Mjomba wako,
Ardell Swopes